Nondo wa viazi vitamu: kumtafuta, kumlea kutoka yai hadi kuruka, na kukaa naye shambani

Nondo huyu si ile ya milimita 12 inayofungwa kwenye nguzo za zege. Ni mdudu mnene kama kidole gumba, rangi ya majivu, ambaye mabawa yake yakitandazwa hufika sentimita 8 hadi 12 kutoka ncha hadi ncha. Giza likianza kuingia utamkuta amesimama hewani mbele ya ua kama ndege chozi, mabawa hayaonekani kwa kasi, mrija wake umezama ndani ya ua. Kitaalamu anaitwa Agrius convolvuli, na Linnaeus ndiye aliyempa jina mwaka 1758. Afrika yupo karibu kila panapoota mmea wa jamii ya viazi vitamu, na ni msafiri hodari: kila mwaka wapo wanaotoka huku Afrika wakavuka bahari na kuingia Ulaya, wengine wakafika hadi Aisilandi, ambako hakuna tembele hata moja la kutagia.

Mwongozo huu ni kwa mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi maisha ya mdudu kwa macho, kwa mkulima wa viazi aliyekuta majani yameliwa, na kwa mwenye mipapai, ambaye huenda hajui kwamba mambo ya mdudu huyu yanamhusu. Kazi nzima, kuanzia yai hadi nondo kuruka, huchukua kama wiki sita hadi nane sehemu za joto kama Pwani, Morogoro au kandokando ya Ziwa Victoria. Kwenye baridi, kama Njombe au Limuru, ongeza muda.

Mtafute kwa mavi yake

Anayetafuta kiwavi huyu kwa kukodolea macho majani hupoteza asubuhi yake. Kiwavi mkubwa ana urefu wa sentimita 9 au 10, lakini akitulia chini ya rando humwoni hata ukiwa umechuchumaa juu yake. Tafuta kinyesi. Ni chembe nene kama punje ya pilipili manga, umbo la pipa dogo, na ukiiweka kiganjani utaona mifuo inayokwenda kwa urefu wake, kana kwamba imepitishwa kwenye kalibu. Ikiwa mbichi ni ya kijani kibichi na inapondeka kwa kidole. Ikikaa inakuwa nyeusi au kahawia na ngumu. Chembe mbichi juu ya jani maana yake mwenyewe yuko juu ya hapo hapo, au alikuwepo usiku wa kuamkia leo. Chembe kavu tupu maana yake ameshahama, ameliwa, au ameshaingia ardhini.

Nenda asubuhi mapema, au jioni na tochi. Siku iliyonyesha sana usiende: mvua huyeyusha kinyesi na hutakuwa na cha kufuata. Inua marando polepole kwa mikono miwili, ukianza na yaliyobaki vikonyo vitupu. Kiwavi mkubwa hula jani kutoka ukingoni akaingia ndani hadi likabaki kikonyo. Ukikuta matundu madogo ya mviringo katikati ya jani, hayo aghalabu ni ya mbawakawa wadogo wenye gamba lililofunika mwili kama kobe, si ya huyu.

Mayai ni kazi ya macho makali. Jike hutaga yai moja moja, mara nyingi upande wa chini wa jani, na kila yai ni la kama milimita moja tu, la kijani chenye kung'aa ambacho hugeuka njano kadiri linavyokaribia kuanguliwa. Geuza majani machanga ya pembezoni mwa shamba, hasa yanayopakana na pori. Kama matembele ya shamba hayakutosheni, angalia jamaa zake wa porini wenye maua ya tarumbeta ya zambarau au meupe yanayotambaa kwenye nyua na vichakani. Jike huko pia hutaga.

Msimu ni jambo la kuzingatia. Nondo hutoka kwa wingi mvua zikishaanza na marando yakachipua. Kiangazi kikikolea wengi wapo ardhini wakisubiri, na viwavi utawapata kwenye matembele ya mabondeni tu, yale yanayomwagiliwa.

Hakikisha ni yeye

Kiwavi anapoanguliwa ana urefu wa milimita chache, mweupe wa kufifia, na nyuma ana pembe nyeusi iliyosimama. Akianza kula anageuka kijani. Akikua, kuna wa kijani wenye mistari ya mshazari ubavuni, na kuna wa kahawia hadi karibu nyeusi. Watu wengi huwachukua hawa kuwa wadudu wawili tofauti, au dume na jike. Si hivyo, mama mmoja anaweza kuzaa wa rangi zote. Wa kahawia hupenda kushuka kwenye shina, karibu na udongo, jua likiwa kali.

Ile pembe ya nyuma haichomi wala haina sumu. Neno "kiwavi" lenyewe linatisha kwa sababu wengi tumekua tukijua kiwavi ni wa kuwasha, lakini huyu hana nywele za kuwasha hata kidogo. Ukimshika anaweza kujipinda kwa nguvu na kutapika maji ya kijani mkononi. Hayo ni matembele yaliyotafunwa, nawa tu.

Wafuatao husababisha makosa:

Viwavi weusi au wa kijani cheusi wenye miiba mingi laini, wanaoishi kwa kundi huku wameunganisha majani kwa utando, ni watoto wa kipepeo Acraea acerata. Huyo ndiye mharibifu mzito wa majani ya viazi Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Mwongozo huu haumhusu.

Kiwavi mwenye pembe nyuma na madoa mawili kama macho karibu na kichwa ni Hippotion celerio. Naye ni wa ukoo huu huu, hula viazi vitamu, magimbi na mizabibu, na unaweza kumlea kwa njia hizi hizi.

Kiwavi mnene wa njano au kijani mwenye pembe iliyojikunja yenye vinundu, aliyeko kwenye viazi mviringo, nyanya chungu au ufuta, ni Acherontia atropos, yule ambaye nondo wake ana alama kama fuvu la kichwa mgongoni na hulia "chwii" akishikwa. Huyo akikua huingia mizinga ya nyuki kuiba asali. Usimpe matembele ukitarajia atashukuru. Mlishe kile ulichomkuta akila.

Vifaa

Havizidi vitu vilivyopo nyumbani: makopo ya plastiki ya nusu lita yenye mifuniko, ndoo mbili za lita 10, kipande cha chandarua cha zamani na mpira wa kufungia mdomoni, karatasi ya chooni nyeupe isiyo na manukato, brashi laini ya rangi, na udongo. Chandarua kiwe cha zamani kweli, kilichofuliwa mara nyingi au kisichowahi kutiwa dawa. Vyandarua vinavyogawiwa sasa vimetiwa dawa ya kuua mbu na kiwavi akigusa hicho hafiki kesho. Kama huna uhakika tumia kitambaa cha kitenge chepesi au tulle ya mapazia.

Chakula ndicho penye mtego. Matembele ya sokoni huenda yamepuliziwa dawa siku mbili kabla ya kuvunwa, na kuosha hakutoi dawa iliyoingia ndani ya jani. Panda mwenyewe marando matano au sita ya kila kiwavi utakayemlea, wiki nne kabla, au chuma mahali unapojua historia yake. Kama huna njia nyingine, mlishe kiwavi mmoja peke yake kwa siku moja kabla ya kuwapa wenzake. Akitetemeka, akajinyonga kama kamba au akatapika mfululizo, tupa majani yote.

Hatua ya kwanza: yai na siku za mwanzo

Kata kipande cha jani chenye yai, kisizidi ukubwa wa sarafu, ukilaze kwenye kopo la nusu lita lililotandikwa karatasi. Usimwagie maji wala usitoboe mfuniko. Hewa ya kopo inamtosha kiumbe mwenye ukubwa wa punje ya mchele, na ukitoboa jani litanyauka mapema. Kwenye joto la nyuzi 25 hadi 28 yai huanguliwa ndani ya siku nne au tano hivi. Cha kwanza anachokula mtoto mara nyingi ni ganda la yai lake, kwa hiyo usikimbilie kumhamisha.

Weka jani moja changa kila siku. Usimshike kwa vidole. Asipopanda mwenyewe jani jipya, kata kipande cha jani la zamani alipokaa ukiweke juu ya jipya. Akipata njaa atavuka. Brashi ni ya dharura tu, kwani kiwavi mdogo hushikilia jani kwa kucha za miguu yake ya nyuma na ukimvuta anachanika.

Badili karatasi kila siku. Kopo likiwa na matone ya maji ukutani, umeweka majani mengi au umeyaweka yakiwa na umande: futa, acha mfuniko wazi kwa nusu saa, na kuanzia hapo kausha majani kwa kitambaa kabla ya kuyaingiza. Unyevu huua viwavi wengi wa kufugwa kuliko njaa.

Hatua ya pili: ndoo

Akifikisha sentimita 2 mhamishie kwenye ndoo. Ndoo ya lita 10 inawatosha viwavi wanne hadi watano, si zaidi. Wakibanana huumana, hasa pembe, na kidonda cha pembe huvuja na kuoza. Tandika gazeti chini, weka marando yenye majani, funga chandarua.

Ukitaka marando yasinyauke upesi, yatumbukize kwenye chupa ndogo ya maji. Hapa ndipo wengi wanapowapoteza: kiwavi hushuka na shina kichwa chini mpaka ndani ya maji akazama. Ziba mdomo wa chupa kwa pamba au karatasi iliyobanwa mpaka pasipite hata unyasi.

Kiwavi huvua ngozi mara nne, wakati mwingine tano, kabla ya kuingia ardhini. Siku ya kuvua hali. Hukaa kimya, sehemu ya mbele ya mwili ameiinua, na ukimtazama kwa karibu utaona kichwa kinaonekana kidogo mno kwa mwili, huku nyuma yake pametuna. Pale palipotuna ndipo kichwa kipya kilipo. Watu humwona hivyo wakadhani anaumwa, wakamgeuza, wakamhamisha, wakampulizia maji. Miguu yake wakati huo imeshonwa kwenye jani kwa uzi mwembamba wa hariri ili ngozi ya zamani ibaki pale yeye atoke mbele. Ukimng'oa, ngozi hukwama nusu na hatatoka. Mwache siku nzima. Jani lenyewe likinyauka, liache na yeye juu yake na uzungushie mabichi.

Baada ya kuvua mara ya mwisho ndipo utajua maana ya mlafi. Sehemu kubwa ya chakula cha maisha yake yote ya ukiwavi hukiingiza katika siku hizi za mwisho, kama wiki moja. Mwekee jioni majani kumi makubwa. Asubuhi hesabu yaliyobaki na uongeze au upunguze kwa kipimo hicho. Usiku chumba kikiwa kimya utamsikia akitafuna. Toa kinyesi mara mbili kwa siku, kwani ndoo yenye chembe mia mbili zenye maji huvunda.

Anayeumwa kweli hutambulika. Kinyesi chake hakina umbo, ni uji. Mwili unalegea. Mwisho hupanda juu na kuning'inia, akageuka mweusi na ndani akawa maji yenye harufu. Huyo mtoe pamoja na majani yote aliyogusa, uchome moto au uzike mbali, osha ndoo kwa sabuni na jiki, ianike juani siku nzima. Usimguse mgonjwa kisha ukawalisha wazima.

Kuna hasara nyingine ambayo hutakuwa na kosa nayo. Kiwavi uliyemwokota shambani akiwa mkubwa anaweza kuwa tayari ametagiwa na nyigu wadogo au nzi. Vifuko vyeupe vidogo kama punje za mchele vikijitokeza mgongoni mwake ni watoto wa nyigu waliokwisha mla ndani. Hawezi kuokoka. Ukiwa mkulima, usiviponde: warudishe nyigu hao shambani, maana wanakusaidia kazi. Anayetaka kupata nondo kwa uhakika aanze na mayai au viwavi wadogo.

Sisimizi nao wasisahaulike. Weka ndoo juu ya meza na kila mguu wa meza ndani ya kopo lenye maji na tone la sabuni. Usiku mmoja wa siafu unamaliza kazi ya mwezi.

Hatua ya tatu: udongo

Siku moja utamkuta hali tena. Rangi ya mgongo imefifia au imekuwa ya kahawia chafu, kinyesi chake cha mwisho ni cha majimaji, na anazunguka ndoo bila kituo, akipanda na kuanguka. Hajaishiwa chakula; anatafuta ardhi. Ukimchelewesha siku mbili atatumia nguvu zote kutembea na pupa, yaani umbo lililotulia kati ya kiwavi na nondo, atakuwa dhaifu.

Andaa mapema udongo wa bustani sehemu mbili na mchanga sehemu moja, uliochekechwa. Ukaange kwenye sufuria kuukuu kwa nusu saa uue sisimizi na utitiri, uache upoe kabisa, kisha uloweshe. Kipimo ni ngumi: ukiufinyanga unashikana, ukiuachia unabaki bonge, lakini hautoi tone la maji. Jaza ndoo hadi kina cha sentimita 15. Shambani huingia kama sentimita 10 chini, na udongo wa kina kifupi humfanya arudi juu na kuanza kuzunguka upya.

Wengi hukosea kwa kuweka viwavi sita katika ndoo moja siku tofauti. Wa pili akichimba humkuta wa kwanza akiwa laini bado, akampasua. Bora kila mmoja apate kopo lake la rangi la lita 2 au 4, au uweke ndoo moja kwa wale tu walioingia usiku mmoja.

Akishazama, usifukue kwa siku kumi. Chini kule anajitengenezea chumba kwa kukandamiza udongo kwa mwili, anatulia siku kadhaa akinywea, kisha anavua ngozi ya mwisho na kuwa pupa. Pupa mpya ni laini na rangi ya krimu yenye ukijani. Kidole kikimgusa hapo, alama hiyo itakuwa tundu.

Siku ya kumi na moja mwaga udongo polepole kwenye trei. Utampata: kahawia wa mninga uliopigwa vanishi, urefu wa sentimita 5 hadi 6, mzito kuliko anavyoonekana. Mbele, kutoka kichwani, kuna kitu kilichojikunja mbali na mwili na kurudi kifuani, mfano wa mkono wa birika. Huo ndio mfuko wa mrija wa kunyonyea. Mrija wa nondo huyu ni mrefu kuliko mwili wake, unaweza kuzidi sentimita 10, haukupata nafasi ya kulala kifuani kama wa nondo wengine ikabidi utoke nje. Usimbebe kwa mkono huo wa birika, hata kama unakualika. Ukivunjika nondo atatoka bila njia ya kula. Mshike katikati, kwa vidole viwili vikavu. Akizungusha mkia ni mzima.

Walaze juu ya makumbi ya nazi yenye unyevu kidogo, bila kugusana, ndani ya ndoo iliyozungushiwa kitambaa kikavu cha kukwaruza ukutani, kama gunia la katani, kuanzia chini hadi mdomoni. Nyunyiza makumbi kwa maji kila siku ya pili. Pupa akikauka hugeuka mwepesi na mkia hauzunguki. Akilowa sana huota ukungu kwenye maungio ya tumbo.

Kwenye joto, nondo hutoka baada ya wiki mbili hadi tatu. Lakini wale walioingia ardhini kuelekea kiangazi au baridi wanaweza kusubiri miezi. Kama mwezi umepita na pupa bado ni mzito na anacheza mkia, yupo. Punguza maji, mweke mahali pa kivuli, na unyevu uongeze majira ya mvua yanapoanza. Wengi hutupwa jalalani wakiwa hai.

Hatua ya nne: kutoka

Siku moja au mbili kabla, pupa huwa mweusi na laini, na kwenye mifuko ya mabawa huanza kuonekana michoro. Hutoka jioni au usiku. Gamba hupasuka nyuma ya kichwa, mdudu hutambaa nje akiwa na mabawa kama vipande vya kitambaa kilicholowa, kisha hupanda haraka. Ile katani ukutani ni kwa ajili ya dakika hizi. Anahitaji kuning'inia ili damu isukumwe kwenye mishipa ya mabawa yakunjuke yakielekea chini. Hilo huchukua kama nusu saa, na kukauka ni saa mbili tatu zaidi. Ukuta wa ndoo ukiwa laini hutereza, anaanguka, anajaribu tena, mpaka mabawa yanakauka yakiwa yamekunjamana. Hapo hakuna dawa. Nondo wa namna hiyo hataruka kamwe.

Atatoa pia maji ya rangi ya udongo au wekundu. Ni uchafu wa siku zote za upupa, si damu.

Akiwa ametulia, tazama tumbo: katikati mstari wa kijivu, na pande zote mbili vipande vya waridi na vyeusi vilivyopangwa kwa zamu. Akifunga mabawa rangi hizo zote hufichika na anabaki kama gome la mti.

Kabla ya kuruka kwa mara ya kwanza hutetemesha mabawa kwa dakika moja au zaidi bila kuondoka. Anapasha misuli ya kifua, ambayo lazima ifike joto karibu na la mwili wa binadamu, hata usiku wa baridi, ndipo iweze kumbeba. Usimrushe juu kwa kudhani unamsaidia. Mweke kwenye shina la mti baada ya jua kuzama, mbali na taa, umwache. Mchana ni chakula cha ndege, na kwenye taa ya varanda mjusi kafiri anasubiri.

Kama unataka kumweka siku chache kwa somo, hatakula mwenyewe ndani ya ndoo. Changanya sukari kijiko kimoja kwa maji vijiko vinne, mshike mabawa yakiwa yamekunjwa juu ya mgongo kwa vidole viwili, kunjua mrija kwa pini butu na uingize ncha kwenye matone hayo. Akianza kunyonya atatulia dakika kadhaa. Futa mrija kwa kitambaa chenye maji, kwani sukari ikikauka huugandisha.

Mipapai na nondo

Mkulima wa viazi anayemwona kiwavi tu hamjui mdudu wote. Mpapai wa kienyeji una miti dume na miti jike, na chavua lazima ibebwe kutoka dume hadi jike baada ya jua kuzama, wakati ua linatoa harufu tamu. Utafiti uliofanywa mashambani Kenya na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba wabebaji wake wakuu ni nondo wa jamii hii, na kwamba mipapai iliyo karibu na pori ilitembelewa zaidi. Ua jike halina mbochi, yaani utamu wa kunyonya. Ua dume ndilo lenye mbochi. Nondo hulitembelea jike kwa kukosea tu, akidhani ni dume, na kwa kosa hilo papai linatunga. Ndiyo maana ukikata madume yote shambani kwa kuwa "hayazai", majike yatatoa maua na kuyaangusha. Acha dume moja kwa kila majike kumi hivi. Kwa mbegu zenye maua ya jinsia mbili, kama zile za mapapai madogo ya kuuza nje, jambo hili halina uzito huo, zinajichavusha.

Kumwona akifanya kazi, simama upande wa mpapai dume kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili usiku, siku isiyo na upepo. Funika tochi kwa karatasi nyekundu ya pipi. Nondo hauoni vizuri mwanga mwekundu, ila mweupe utamvuruga. Usikilize mvumo kwanza, ndipo uelekeze tochi.

Upulize dawa au usipulize

Mharibifu mkubwa wa viazi vitamu kwetu ni fukusi, anayetoboa kiazi chenyewe ardhini. Shamba lenye marando yaliyofunika tuta linaweza kupoteza sehemu ya majani na kuchipua tena bila mavuno kuyumba sana. Shida ni marando machanga, katika wiki sita hadi nane za kwanza, na ni shida hapo viwavi wakiwa wengi, kwani wachache wakubwa wanaweza kuuacha mmea vikonyo vitupu kwa siku mbili tatu.

Pita mistari miwili kati ya kila kumi, hesabu viwavi na mayai katika mita tano tano. Ukikuta mmoja hapa na pale, okota kwa mkono jioni na uwape kuku, au wahamishie kwenye viazi pori vya pembezoni. Wakiwa wengi na bado wadogo, chini ya sentimita 3, dawa ya bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis hufanya kazi, ila lazima iliwe pamoja na jani. Kwa wakubwa haifui dafu, na wao karibu wanaingia ardhini hata hivyo. Ipulizwe jioni, kwani jua huiharibu. Dawa kali za kuua kila kitu huua na nyigu wale wa vifuko vyeupe, na msimu unaofuata viwavi hurudi bila mlinzi. Zaidi ya hapo, matembele yako ni mboga ya mtu.

Wakati wa kuvuna, jembe litafukua pupa. Kuku wakifuata nyuma ya mchimbaji hawamwachi hata mmoja, na kama msimu uliopita uliliwa sana, waache wafuate. Kama hukuliwa na una mipapai jirani, okota pupa wazima wenye mkono wa birika usiovunjika, uwafukie sentimita 10 chini ya kichaka cha ukingo wa shamba, mahali ambapo jembe halitarudi kabla ya mvua.